Capcom Arcade Stadium: anza na ile ya bure, na padi ipime hukohuko Kariakoo

Capcom Arcade Stadium imekusanya gemu 32 za mashine za kutumbukiza sarafu, kuanzia Vulgus ya 1984 hadi Progear ya 2001. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ilifika Mei 2021. Programu yenyewe unaishusha bure ikiwa na gemu ya ndege za vita iitwayo 1943 ndani yake. Nyingine unanunua kwa mafungu matatu, au mojamoja kama bajeti imebana. Bei inahesabiwa kwa dola, kwa hiyo usilipe chochote kabla hujaipima 1943 kwenye kompyuta yako.

Gemu ni za zamani, lakini ganda lake ni la kisasa. Limejengwa juu ya RE Engine, injini inayoendesha gemu za Resident Evil za karibuni, na huchora kabati zima la mashine kuizunguka picha. Laptopu ya mtumba isiyo na kadi ya michoro ya peke yake hulemewa na kabati, si na gemu: ndege inasitasita, sauti inakwaruza. Chagua mwonekano wa picha tupu, zima vichujio vya kioo (vinavyoiga vioo vya zamani), kisha ujaribu tena ukiwa umechomeka chaja. Kama inaanza vizuri halafu inazorota baada ya dakika ishirini, hilo ni joto. Feni iliyojaa vumbi katika mchana wa Februari hapa Dar haifui dafu, na prosesa hujipunguzia kasi isiungue. Wenye Windows 7 au 8 wasijisumbue, kwani Steam iliziacha Januari 1, 2024.

1943 ni gemu ya kioo cha kusimama. Kwenye laptopu ya pikseli 1366 kwa 768, picha inapata upana wa takriban 576 tu, pembeni ni mapambo. Mipangilio inaruhusu kuigeuza picha, kwa hiyo mwenye kioo cha mezani akilaze ubavu. Hata laptopu unaweza kuisimamisha kama kitabu kilichofunguliwa, mradi unacheza kwa padi, yaani kidhibiti cha kushika mkononi.

Kwenye padi ndiko watu wanakoumia. Kibodi ya bei nafuu haifai kwa watu wawili: nyaya zake zimepangwa kigridi bila daiodi, hivyo vitufe kadhaa vikibonyezwa pamoja kimoja hupotea, na Hadouken, lile pigo la mpira wa moto la Street Fighter, haitoki. Ukienda Kariakoo kutafuta padi ya USB, beba laptopu. Bonyeza Windows na R, andika joy.cpl, fungua sifa za padi, kisha zungusha kidole gumba kwenye msalaba wa mwelekeo. Kona zote nne zisipoonekana, irudishe kabla hujalipa. Hadouken, yaani chini, chini-mbele, mbele na ngumi, haiwezekani bila kona. Hakikisha pia ina vitufe sita vinavyofikika, maana Street Fighter II ina ngumi tatu na mateke matatu. Padi ikionekana kwenye joy.cpl lakini gemu haiitambui, ingia mipangilio ya Steam, sehemu ya vidhibiti, uwashe Steam Input kwa padi za kawaida. Ukiunganisha kwenye TV, washa hali ya gemu. Bila hiyo TV huchakata picha kwanza, na unapigwa ukiwa umeshabonyeza kukinga.

Fungu la kununua kwanza ni la pili, la 1989 hadi 1992: Final Fight, Strider, Street Fighter II, na Captain Commando inayobeba wachezaji wanne. La kwanza ni la wenye mapenzi ya kale tu. Kitufe cha kurudisha mchezo nyuma kinawaokoa wengi, ila umeme ukikatika hakisaidii kitu, kwa hiyo hifadhi kila hatua kama unatumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Ukishaishusha na kuifungua mara moja ukiwa na intaneti, Steam inakubali kucheza nje ya mtandao, bando likapumzika.

Dosari kubwa: hakuna kupigana mtandaoni. Gemu yenyewe imetengenezwa kwa mpinzani aliye chumba kimoja nawe. Anayetaka kupambana na mtu wa Mbagala akiwa Sinza achukue Street Fighter 30th Anniversary Collection ya 2018. Hiyo ina gemu 12, nne kati yake zikichezwa mtandaoni, Street Fighter III: 3rd Strike ikiwemo. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujavuka saa mbili za kucheza, kwa hiyo mechi za mtandaoni zijaribu mapema.