Rasimu aione nani? Uzoefu wangu na SharePoint, ofisi ya mkonge Tanga

Natunza nyaraka za kampuni ya mkonge hapa Tanga, na SharePoint, mfumo wa Microsoft wa kutunza nyaraka, naipenda kwa jambo moja kubwa: mwongozo usioidhinishwa hauwafikii watu wa korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Ukiwasha uidhinishaji pamoja na matoleo makuu na madogo, toleo 1.0 linaendelea kusomwa na wote huku 1.1, yaani rasimu, likifanyiwa kazi. Likiidhinishwa linakuwa 2.0. Zamani tulitumiana mafaili kwa WhatsApp, na rasimu ikishaingia kwenye simu za watu hairudi tena. Maelekezo ya kusafisha mashine inayoweza kumkata mtu mkono hayafai kuzagaa yakiwa nusu.

Linalochanganya ni kiungo cha waraka. Ni kimoja, lakini kinachofunguka hutegemea ruhusa ya anayekibofya. Nilimpigia msimamizi wa zamu nikitaka maoni yake kuhusu hatua mpya ya kutia kufuli swichi kuu kabla ya kusafisha. "Dada, mbona hatua ya nne hapa kwangu ni kufagia?" Kumbe mimi nasoma 1.1, yeye 1.0.

Kinachoamua ni mpangilio wa nani aone rasimu: kila mwenye ruhusa ya kusoma, wenye kuhariri tu, au waidhinishaji na mwandishi wake tu. Ukiwasha uidhinishaji, hilo la mwisho hujiweka lenyewe. Kwa nyaraka za mishahara, sawa. Kwa mwongozo wa mashine linamfungia nje mtu anayeijua mashine kuliko sisi wote wa ofisini, na maoni yake yanahitajika kabla ya sahihi ya meneja, si baada yake.

Kuwafungulia rasimu wasomaji wote sikubali kabisa, maana mtu atafuata hatua ambayo kesho inafutwa. Tumechagua la pili, tukampa msimamizi ruhusa ya kuhariri maktaba ya miongozo hiyo (sehemu yake ndani ya SharePoint) peke yake. Halijanitosheleza: alihitaji kusoma tu, sasa anaweza hata kufuta. Angalau historia ya matoleo inaonyesha nani alihifadhi lipi na lini, na la awali linarejesheka.

Na faida tumeiona. Alipoisoma rasimu alisema ufunguo wa kufuli akae nao mwenyewe anayeingia kusafisha, usibaki kwa msimamizi. Tumeliandika hivyo, ndipo tukalipeleka kuidhinishwa.