Fundi aliyepima ukuta kabla ya kufungua ndoo: tathmini baada ya masika mbili

Nimesubiri masika mbili zipite ndipo niandike tathmini hii, kwa sababu kazi ya rangi ya nje haisifiwi siku fundi anapokusanya ngazi zake, bali baada ya mvua kuipiga na jua la kaskazi kuichoma. Nyumba ninayoizungumzia iko Kigamboni, Dar es Salaam, upande unaopokea upepo wa bahari moja kwa moja. Ni nyumba ya chini, ya matofali ya saruji, na kuta zake za nje zina takriban mita za mraba 180 ukitoa milango na madirisha. Kazi ilifanywa mwezi Agosti 2023 na fundi rangi wa mtaani kwetu pamoja na vijana wake wawili. Nimeridhika nayo sana, na kilichoniridhisha kuliko vyote ni asubuhi nzima aliyoitumia kuupima ukuta kabla hatujataja bei ya rangi.

Naipa uzito asubuhi ile kwa sababu miaka mitano kabla yake nilipata hasara kubwa. Fundi mwingine, ambaye sitamtaja, aliitazama nyumba akiwa amesimama getini, akasema inahitaji ndoo nne, na kazi ikakamilika kwa siku tatu, katikati ya vuli, vipindi vya mvua vikipishana na vya jua. Ili ukuta uwe laini alipaka jasi, ile ile inayotumika kuskimu kuta za ndani. Jasi ikipata maji hulainika na kuachia, hivyo haifai kabisa nje, sembuse pwani. Haikutimia miaka miwili rangi ilianza kuvimba malengelenge, kisha ikabambuka kwa vipande vikubwa kama viganja, na nyuma ya kila kipande kulikuwa na unga mweupe uliolowa.

Fundi wa mwaka 2023 alianza kwa kuuzunguka ukuta mikono mitupu. Alipitisha kiganja upande wa magharibi, akanionyesha vumbi la rangi lililobaki kwenye vidole vyake, akaeleza kwamba jua la alasiri limekwisha kula kile kinachoshikamanisha chembe za rangi, kwa hiyo rangi mpya ikipakwa juu ya vumbi hilo itashika vumbi na siyo ukuta. Kufifia peke yake, alisema, si sababu ya kupaka upya. Rangi iliyopauka lakini haitoi unga wala haijapasuka bado inaulinda ukuta, na mwenye nyumba anaweza kungoja kama mfuko haujaruhusu. Kisha alichukua wembe, akachora mistari midogo iliyokatana kama nyavu, akabandika selotepu juu yake na kuivuta kwa nguvu, aone kama rangi bado imeshika. Upande wa kaskazini, uliokingwa na baraza, selotepu ilitoka safi. Upande wa magharibi ilitoka na vijipande viwili vitatu, na upande wa kusini ilitoka na rangi yote.

Ukuta huo wa kusini ndio ulionifundisha mengi. Ulikuwa na madoa meusi ambayo mimi miaka yote niliyadhani ni vumbi la barabara. Fundi alidondosha matone ya jiki kwenye doa moja, na baada ya dakika chache pale palipodondoshewa pakawa peupe, jambo lililothibitisha kwamba ni fangasi, kwani uchafu wa kawaida ungebaki vile vile. Alipoulizwa kwa nini fangasi wamejazana upande ule tu, alinyoosha mkono juu akasema, "Mwalimu, tazama jua linapita wapi." Nilikuwa sijawahi kulitafakari. Katika nchi yetu, iliyo kusini mwa ikweta, kuanzia mwezi Machi hadi karibu Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa paa, kwa hiyo ukuta wa kusini hupigwa na mvua ya masika ikisukumwa na upepo wa kusi, halafu haupati jua la kuukausha kwa miezi kadhaa. Anayeishi pwani na anataka kujua kama nyumba yake inadai rangi, aanze ukaguzi kwenye ukuta huo.

Jaribio la mwisho lilichukua siku nzima. Alikata kipande cha nailoni nyepesi kiasi cha futi moja na nusu kila upande, akakigandisha ukutani kwa selotepu pande zote nne, karibu na ardhi, nje ya bafu. Kesho yake matone ya maji yalikuwa yamejipanga upande wa ndani wa nailoni, ule unaogusa ukuta. Unyevu ulikuwa unatoka ndani ya ukuta wenyewe. Sababu zilikuwa mbili: bomba la bafu lililokuwa likivuja polepole, na bustani ya maua ambayo sisi wenyewe tuliijaza udongo hadi ukapita usawa wa sakafu. Akakataa kununua rangi. Tulimwita fundi bomba, tukapunguza udongo, na ukuta ukaachwa wiki tatu ukauke, ingawa mimi nilikuwa na haraka kwa sababu ya harusi ya binti yangu. Mtu anayelipwa kwa kupaka rangi, akikwambia usipake kwanza, ameonyesha uaminifu ambao ni nadra kuupata kwa mafundi wa nyumba.

Upakaji wenyewe ulifuata utaratibu mzuri. Ukuta wa kaskazini uliooshwa tu haukupakwa, na hilo pekee lilipunguza eneo hadi mita za mraba 135. Kwa kupakwa mara mbili ni 270, na kwa kuwa lipu yetu ni ya kukwaruza alikadiria lita moja ienee mita za mraba 8 badala ya 10, tukanunua ndoo mbili za lita 20, nusu ya zile nne za awali. Fangasi waliuawa kwa jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tatu, ukuta ukasuuzwa na kukauka. Jasi yote ilikwanguliwa, nyufa zikazibwa, na palipohitaji kulainishwa pakawekwa saruji nyeupe. Ukuta wa mashariki, unaopokea chumvi ya bahari, ulioshwa kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi kabla ya praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia. Walifanya kazi wakilifuata kivuli: asubuhi magharibi, mchana mashariki, wala hawakuanza kabla umande haujakauka. Rangi iliyopakwa kwenye ukuta unaochomwa na jua hukauka juu kabla haijashika chini.

Kasoro zipo. Siku kumi tulizoahidiana, mbali na zile wiki tatu za kukausha, zilifika kumi na saba, na vijana wake hawakufunika vigae vya baraza ipasavyo, tukakwangua matone kwa siku mbili. Nondo za dirisha la jikoni zilipakwa juu ya kutu bila kupigwa msasa, na baada ya mwaka mistari ya kahawia ilianza kuchuruzika ukutani. Nilipompigia simu alikuja, akasugua kutu, akapaka praima ya chuma na hakudai malipo. Ningependa pia angeandika makubaliano yetu kwenye karatasi, maana kila kitu kilikwenda kwa maneno ya mdomo.

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, mvua ilikuja kwa ubavu na kuupiga ukuta wa kusini usiku kucha. Asubuhi niliuzunguka kwa kiganja kama nilivyofundishwa, na haukuwa na lengelenge hata moja. Baada ya masika ya mwaka 2025 hali ni ile ile kwa kuta tatu. Ukuta wa kusini umeonyesha mstari mwembamba wa chumvi nyeupe, usiozidi kiganja kimoja kutoka ardhini, nje ya bafu pale pale. Fundi ameniagiza niupige brashi kavu, nisiuoshe wala nisiupake chochote, na atakuja na kipande chake cha nailoni mvua zikikatika.