Judi Dench: wa jukwaani au wa filamu?

Wengi wetu tulimfahamu Judi Dench, mwigizaji wa Uingereza, kama M, yule bosi mkali wa James Bond, tangu GoldenEye ya 1995. Wakati huo alikuwa na miaka 60, na jukwaani alikuwa ameshatumikia karibu miongo minne.

Filamu zina faida moja kubwa: zinapatikana. Katika Mrs Brown (1997) alikuwa Malkia Victoria mjane, akapendekezwa kuwania Oscar. Mwaka uliofuata, kwenye Shakespeare in Love, alionekana kwa dakika nane hivi tu akiwa Malkia Elizabeth I. Oscar akaibeba! Kuna waigizaji wanaotokwa jasho saa mbili nzima bila kuambulia kitu.

Lakini dakika hizo nane zilipikwa jukwaani. Mwaka 1957 alianza kwenye ukumbi wa Old Vic, London, akiwa Ophelia katika Hamlet ya Shakespeare. 1987 akawa Cleopatra katika National Theatre, Anthony Hopkins akiwa Antony. Katikati kuna Macbeth, tamthilia nyingine ya Shakespeare, ya 1976 pale Stratford, akiwa Lady Macbeth pamoja na mwigizaji Ian McKellen: ukumbi mdogo, mapambo karibu hakuna, watazamaji wako hatua chache tu. Hapo huwezi kujificha nyuma ya kamera.

Mimi nachagua jukwaa. Tatizo la jukwaa ni kwamba pazia likishuka, kazi imepotea. Bahati nzuri Macbeth ile ilirekodiwa kwa ajili ya televisheni. Anzia hapo, usikilize anavyolia usingizini. M anaweza kusubiri.