Harry Carey au Francis Ford: nani alizeeka vizuri zaidi katika filamu za kauboi?
Wote wawili walikuwa nyota wa kampuni ya Universal enzi za filamu bubu, na wote waliishia kuigiza wazee katika filamu za kauboi. Carey alijulikana kama Cheyenne Harry, kauboi aliyemwigiza katika filamu nyingi. Francis alimtangulia: mwaka 1914 alikuwa tayari anaongoza na kuigiza filamu za mfululizo akiwa na mwigizaji Grace Cunard, na ndiye aliyemfungulia mdogo wake, mwongozaji John Ford, mlango wa Hollywood.

Sauti ilipoingia, Carey alibaki na hadhi yake. Alifika hadi kwetu Afrika Mashariki kuigiza Trader Horn, iliyotoka 1931, na baadaye akateuliwa kuwania Oscar kwa nafasi ndogo ya kiongozi wa kikao cha Seneti katika filamu ya 1939, Mr. Smith Goes to Washington.

Francis alipewa walevi na wazee wa pembeni, mara nyingine bila neno la kusema. Hata hivyo, mimi namchagua yeye. Mtazame katika The Ox-Bow Incident ya 1943, mzee aliyepotewa na akili, akinyongwa na umati bila kosa. Uso ule unauma mpaka leo.