Mtoto wa mbwa mwoga: kamba au kungoja?
Hapa Tanga wengi wakileta mtoto wa mbwa humfunga kamba siku hiyohiyo na kuanza "kaa, njoo". Wa kwanza nilimfanyia hivyo. Alikaa, kweli, lakini mkia kaubana katikati ya miguu, masikio kayalaza nyuma, na kila nikiinua mkono anajikojolea. Huo si utii, ni hofu tu.

Wa pili nilimwacha. Jioni naketi sakafuni barazani, nimempa ubavu, simtazami machoni, dagaa wawili watatu wasio na chumvi kando ya goti langu. Siku ya kwanza alikula nilipoondoka. Siku ya nne alinyoosha shingo, miguu ya nyuma bado tayari kukimbia, akachukua. Sikumgusa. Baadaye nikamkuna kifuani, si kichwani, maana mkono unaotoka juu humtisha.

Kamba ina faida moja: hatoroki kwenda kwenye bodaboda. Basi funga geti. Ila kungoja nako kusizidi. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi tangu azaliwe ndipo anapozoea watu na kelele kwa urahisi, kwa hiyo usimfiche uani mwezi mzima. Wangu alisikia adhana, honi na watoto wa jirani akiwa mapajani mwangu, na "njoo" aliijua kabla sijaanza kumfundisha.