Tathmini: jozi ya pampu za mkondo na umbo la matumbawe baada ya miezi 14

Pampu za mkondo kwa matangi ya maji chumvi hunadiwa kwa tarakimu moja iliyochapishwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi, yaani lita kwa saa. Jozi ninayoitathmini hapa imeandikiwa lita 4,000 kwa kila pampu, na tangi langu ni la lita 300. Kwa hesabu ya karatasi, maji yote husukumwa takriban mara 27 kila saa, kiwango ambacho wafugaji wengi wa matumbawe yenye mifupa migumu hukiona kinatosha. Hata hivyo, nimeona kwamba tarakimu hiyo haisemi lolote kuhusu jambo lililonifanya ninunue pampu hizi, nalo ni umbo ambalo matumbawe yangu yangelipata yakikua mbele yake.

Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wasiohama, na mazingira yao huonekana katika namna wanavyojenga mifupa yao ya chokaa. Kila polipi, yaani mnyama mmoja wa kundi hilo, amezungukwa na tabaka jembamba la maji yaliyotulia, na oksijeni, kaboni na virutubisho havina budi kulipenya ili vimfikie. Mkondo unapokuwa na nguvu, tabaka hilo hupungua unene. Ndiyo maana Pocillopora damicornis, tumbawe la matawi, hutoa matawi mafupi, manene na yaliyosongamana penye msukosuko wa maji, ilhali penye utulivu matawi yake huwa membamba na yenye nafasi kubwa kati yake. Tofauti za namna hii ziliwahi kuwapotosha hata wataalamu wa uainishaji, spishi moja ikapewa majina kadhaa kwa sababu ya sura tu.

Pampu yangu ya zamani ilisukuma maji upande mmoja kwa kasi isiyobadilika. Pocillopora iliyokaa mbele yake ilijaa matawi manene upande ulioelekea mkondo, ikatoa vijiti virefu vichache upande wa kisogoni, na katikati, ambako uchafu laini ulituama, nyama ilianza kufa. Nilipoifunga jozi mpya, kila pampu kwenye ukuta wake zikitazamana, nilikata vipandikizi vitatu kutoka kwenye tumbawe hilohilo ili tofauti ya nasaba isiingie katika ulinganisho. Kimoja nilikipanda katikati ya tangi, cha pili karibu na pampu ya kushoto, na cha tatu nyuma ya jiwe ambako mkondo haufiki moja kwa moja.

Kidhibiti kina mifumo minne: wa mfululizo, wa mapigo, wa kupokezana na wa nasibu. Wa mfululizo hauna faida yoyote kuliko pampu ya kawaida, na wa mapigo, katika tangi fupi kama langu, hutikisa uso wa maji kwa kishindo huku chini kukiwa kumetulia. Thamani ya bidhaa hii imo katika mfumo wa kupokezana, ambao pampu moja hupanda nguvu wakati nyingine inashuka, hivyo kila upande wa tumbawe hupata zamu yake. Kipandikizi cha katikati kimekua duara linalokaribia kukamilika, na sijaona uchafu ukituama ndani yake. Cha karibu na pampu ni kifupi na kigumu kama ngumi. Cha nyuma ya jiwe kimerefuka kuliko vyote, lakini matawi yake ni membamba kiasi kwamba moja lilivunjika nilipoligusa kwa brashi. Anayependa umbo la wazi, na wapo, huenda akakipenda hicho zaidi.

Ni lazima nikiri kwamba mkondo haufanyi kazi hii peke yake. Mwanga nao huamua mengi: Turbinaria mesenterina hutandaza bamba pana penye mwanga hafifu na hujikunja penye mwanga mkali, na Stylophora pistillata, ambayo huwa ya duara karibu na uso wa bahari, hutandaa kwa ubapa kwenye kina. Kwa hiyo sikuigusa taa kwa muda wote wa jaribio, na vipandikizi vyote vitatu nilivipanda kwenye kina kimoja. Kemia ya maji niliishikilia pia, kalsiamu ikiwa karibu miligramu 420 kwa lita na ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi) digrii 8 za ugumu wa kaboneti, isipokuwa katika mwezi wa tano, matumbawe yalipoanza kula chokaa kwa kasi nisiyoitarajia na ualkali ukashuka hadi 6. Ncha za matawi zilinyooka na kuchongoka katika wiki hizo. Mwongozo wa pampu ungefaa kuonya kwamba mkondo bora huenda ukaongeza matumizi ya chokaa.

Dosari iliyonikera ni kwamba umeme unapokatika, kidhibiti husahau mpangilio na kurudi kwenye mfululizo wa nguvu zote. Nilirudi nyumbani siku moja nikakuta Montipora, tumbawe la bamba, iliyo karibu na pampu ya kulia imechubuliwa nyama hadi mfupa mweupe ukaonekana. Muuzaji alinijibu kwamba hiyo ndiyo tabia ya kawaida ya kifaa, jibu ambalo ni la kweli na halimsaidii mtu. Usafi nao unadai nidhamu: mwani wa chokaa huota kwenye pangaboi na kupunguza nguvu bila kelele yoyote ya kukutahadharisha, hivyo kila baada ya miezi miwili nalilaza kwenye siki iliyochanganywa na maji hadi ukoko uachie.

Kwa tangi la matumbawe laini peke yake, pampu hizi ni zaidi ya mahitaji. Kwa anayefuga matumbawe ya matawi ningezipendekeza, mradi aziweke mbali na yale ya bamba na awe tayari kuzihamisha, kwa kuwa matumbawe yanapokua huziba njia ya mkondo uleule ulioyakuza. Pampu yangu ya kushoto nimeshaipandisha sentimita 10, na kipandikizi cha katikati kimeanza kutoa matawi membamba upande ulioachwa na mkondo.