Kijitabu cha uchambuzi wa shairi kutoka steshenari za Mtwara mjini

Kijitabu hiki kilichorudufiwa, ambacho wanafunzi wa sekondari hukinunua katika steshenari za Mtwara mjini, kinachambua shairi moja la mtu anayekiri kosa lake mbele ya jirani, na sehemu ya umbo ndiyo iliyoandikwa kwa uangalifu zaidi. Mchambuzi anaonyesha kwamba shairi ni tarbia (mishororo minne kwa kila ubeti) ya mtiririko, yaani vina vya kati na vya mwisho vinatarajiwa kubaki vilevile katika beti zote, yenye mizani (silabi) 16 katika kila mshororo, 8 za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 za utao, yaani nusu ya pili. Kisha anatua kwenye ubeti wa tatu, ambapo kina cha kati (silabi ya mwisho ya ukwapi, inayofanana toka mshororo hadi mshororo), kilichokuwa -ka tangu mwanzo, kinageuka kuwa -sa pale pale msemaji anapoacha kujitetea na kutamka "nimekosa". Anadai kwamba huko si kuteleza kwa mtunzi, bali ni umbo kukubali kuvunjika pamoja na kiburi cha msemaji, nami hoja hiyo imenishawishi.

Sehemu ya mtindo, kwa bahati mbaya, ni nyepesi mno: takriri (kurudia maneno) na tashihisi (kukipa kisicho mtu sifa za mtu) zinatajwa tu, bila kuelezwa zinafanya kazi gani. Chapa nayo imefifia (anayenunua akague kurasa kabla ya kulipa), hata vina vilivyopigiwa mstari havionekani vyema. Hata hivyo, kwa mwanafunzi aliyezoea kuhesabu mizani bila kuuliza sababu yake, ningependekeza akinunue.